Mgagani: Gugu, Mboga na Dawa

Mvua za kwanza zinaponyesha Songea, kwa kawaida katika mwezi wa Novemba au Desemba, ardhi iliyokuwa kavu tangu Mei hufunikwa na majani mengi ambayo hakuna mkulima aliyeyapanda. Baadhi huota kandokando ya njia, mengine kwenye majalala na mahame ya mazizi, na mengine katikati ya mistari ya mahindi machanga. Miongoni mwao umo mmea mmoja mwembamba, wenye jani la vidole vitano na harufu kali, ambao mama huung'oa asubuhi kwa jembe kama gugu, na jioni huutia chunguni kama mboga. Mmea huo ni mgagani.

Wataalamu wa elimu ya mimea huuita Cleome gynandra, jina lililotolewa na Mswidi Carl Linnaeus mwaka 1753. Katika vitabu vingine huandikwa Gynandropsis gynandra, na msomaji asidhani kuwa hiyo ni mimea miwili. Siku hizi mgagani na wenzake wamewekwa katika jamii yao wenyewe, nayo ni jirani wa karibu sana wa jamii ya kabichi, sukuma wiki na haradali. Ujirani huo si jambo la vitabuni tu. Ndio unaoeleza harufu ya mgagani, uchungu wake, na kwa kiasi kikubwa sababu ya mmea huu kuhesabiwa kuwa dawa.

Kuutambua si kazi ngumu. Hukua hadi kimo cha mita moja, pengine zaidi kidogo kwenye udongo wenye samadi. Shina lake ni la kijani au lenye rangi ya zambarau, nalo limefunikwa na vinyweleo vinavyonata. Jani limegawanyika mfano wa kiganja, aghalabu vijani vitano, ingawa huweza kuwa vitatu au saba. Maua ni meupe au ya waridi hafifu, yenye petali nne, na nyuzi za kiume zinazochomoza mbali mithili ya masharubu ya paka. Tunda ni ganda refu na jembamba lililosimama kama kidole, ambalo likikauka hupasuka pande mbili na kumwaga mbegu ndogo nyeusi, zenye mikunjo kama ya konokono mdogo sana.

Mgagani haujui mipaka. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, nchini Malawi, Wachewa huuita luni. Wajaluo wa Kenya huuita dek, Wakisii chinsaga, na Washona wa Zimbabwe nyevhe. Kila mahali unapoitwa jina, unaliwa. Lakini ni katika nchi zenye msimu mmoja wa mvua, kama ilivyo Ruvuma, ambako thamani yake huonekana wazi zaidi. Mahindi ya Songea hupandwa mwanzoni mwa mvua na huvunwa kuanzia Mei. Kati ya Desemba na Machi ndipo ghala la nyumba nyingi hupungua, kazi ya palizi huwa nzito kuliko wakati wowote, na malaria huenea. Bustani za mabondeni hazijatoa kitu, na kunde hazijakomaa. Mgagani huwa tayari kuchumwa wiki nne hadi sita tu baada ya kuota, yaani unafika jikoni katika wakati ambao hakuna mboga nyingine inayofika.

Wazee wa Ungoni wanayo kumbukumbu ya wakati mgumu zaidi ya huo. Katika Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1905 na 1907, majeshi ya Kijerumani yaliteketeza maghala na mashamba ili kuwashinda wananchi kwa njaa. Njaa hiyo iliua watu wengi kuliko risasi. Walionusurika waliishi kwa yale ambayo adui hakuweza kuyachoma yote: mizizi na majani ya porini. Maarifa ya kujua jani lipi linaliwa na lipi halifai si maarifa ya kudharauliwa, wala hayakupatikana bure.

Chunguni

Mgagani mbichi ni mchungu, na mpishi asiyeujua huupika mara moja tu. Uchungu na harufu yake hutokana na kundi la kemikali ziitwazo glukosinoleti, zile zile zinazotia ukali katika haradali. Katika jani zima kemikali hizo zimetulia bila ya madhara. Karibu nazo, lakini katika chumba kingine, kumewekwa kimeng'enya chenye uwezo wa kuzivunja. Jani linapotafunwa na mdudu, au linapopondwa kinuni, kuta za vyumba hivyo hubomoka, vitu viwili hukutana, na papo hapo hutokea kemikali mpya iitwayo methili isothiosianati. Hii ndiyo inayopanda puani na kuwasha ulimi. Mmea umeiunda kwa kujilinda dhidi ya wadudu. Binadamu ameigeuza kuwa kiungo.

Yafaa ikumbukwe kwamba vimeng'enya huharibiwa na moto, na kwamba methili isothiosianati ni kitu chepesi ambacho huruka pamoja na mvuke. Kwa hiyo mgagani uliochemshwa vizuri hauwashi tena. Wapishi waliligundua jambo hili zamani bila ya maabara. Huchuma majani machanga na ncha laini kabla mmea haujachanua, kwa maana baada ya maua kutoka majani hupungua ukubwa na uchungu huzidi. Huyachemsha, wengine huyamwaga maji ya kwanza, kisha huyaunga kwa nyanya, kitunguu na karanga zilizotwangwa, na kuyala na ugali. Wengine huyachanganya na mchicha au mnavu ili uchungu ugawanyike. Katika Kenya ya magharibi, ambako ng'ombe ni wengi, huyatia maziwa na kuyaacha yalale usiku kucha chunguni, na siku ya pili yanapopashwa moto ladha yake huwa laini kabisa.

Kuhusu kumwaga maji ya kwanza, wataalamu wa lishe hawafurahii. Vitamini C na asidi ya foliki huyeyuka katika maji, na kinachomwagwa nje ya mlango ni sehemu kubwa ya hazina hizo mbili. Karotini haiyeyuki katika maji, kwa hiyo hubaki ndani ya jani. Njia ya kati ni kuchuma majani yakiwa machanga hata yasihitaji kumwagwa maji, kuyachemsha kwa maji machache katika chungu kilichofunikwa, na kuyaepua mapema. Aliyezoea kuyachemsha kwa saa nzima hula nyuzinyuzi na madini, lakini vitamini C haipati. Kadhalika majani yaliyoanikwa juani kwa ajili ya kiangazi: hufaa sana kama mboga ya akiba, lakini jua limekwisha kula vitamini zake nyingi. Kuanika kivulini, mahali penye upepo, kuna nafuu.

Je, jani hili lina nini hasa? Jedwali la vyakula vya Afrika lililotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1968 lilionyesha kuwa gramu 100 za majani mabichi ya mgagani zina karibu gramu 5 za protini, miligramu 288 za chokaa, na miligramu 6 za chuma. Kabichi, ambayo katika masoko mengi huonwa kuwa mboga ya heshima zaidi, ina chokaa ya miligramu 40 hivi na chuma kisichofikia miligramu moja kwa uzito huo huo. James Chweya wa Kenya na Nameus Mnzava wa Tanzania, ambao kitabu chao juu ya mgagani kilitoka mwaka 1997, walionyesha kuwa viwango hivi hubadilika sana kutegemea udongo, umri wa jani na wakati wa kuchuma.

Tarakimu hizi ni za kweli, lakini zisisomwe kwa pupa. Sehemu ya chuma kinachopimwa katika majani ya porini ni vumbi la udongo lililoshika kwenye vinyweleo vinavyonata, na chuma hicho hakina faida kubwa mwilini. Hata chuma cha jani lenyewe huingia katika damu kwa shida kuliko kile cha nyama. Huingia vizuri zaidi endapo mlo una kitu chenye vitamini C, kama vile limau lililokamuliwa juu ya mboga wakati wa kula, au embe baada ya chakula, na embe huiva Songea katika miezi ile ile ya mgagani. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na ugali hufanya kinyume: huzuia chuma kisichukuliwe. Ni desturi ndogo, lakini kwa mama mjamzito mwenye upungufu wa damu ina uzito.

Katika tiba

Kitabu cha J. O. Kokwaro juu ya mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, kilichotolewa mwaka 1976, ni miongoni mwa maandishi yaliyohifadhi elimu ya waganga wetu kuhusu mimea kama huu. Katika Tanzania kazi hiyo ilipewa makao mwaka 1974, wakati Kitengo cha Utafiti wa Dawa za Asili kilipoanzishwa Muhimbili. Mwaka 1991 kilifanywa kuwa Taasisi kamili. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Kwa hiyo kuzungumzia dawa ya majani si kurudi nyuma. Kinachotakiwa ni kupima kila matumizi kwa nafasi yake, maana jani moja huweza kuwa na matumizi matano, moja la kusifiwa, matatu ya kuvumiliwa, na moja la kupigwa marufuku.

Matumizi yanayojulikana mahali pengi ni ya maumivu ya kichwa, ya viungo na ya mbavu. Majani hupondwa na kubandikwa penye maumivu. Ngozi hupata joto, huwa nyekundu, na mgonjwa husikia nafuu. Sababu yake ni ile methili isothiosianati: huwasha ngozi, damu hukimbilia hapo, na fahamu zikishughulishwa na muwasho mpya husikia kidogo yale maumivu ya zamani. Dawa nyingi za kuchua zinazouzwa madukani hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba ya dukani imepimwa kiasi chake, na majani hayakupimwa. Yakiachwa juu ya ngozi kwa muda mrefu huunguza na kutoa malengelenge, na ngozi ya mtoto huungua upesi zaidi. Kwa homa, ambayo hapa petu aghalabu ni malaria, kubandika majani kipajini kunapunguza malalamiko bila ya kugusa ugonjwa, na wakati huo vijidudu vinaendelea kuzaana katika damu.

Wakunga huwapa wanawake wajawazito na waliojifungua mgagani kwa wingi, wakisema kuwa huongeza damu na maziwa. Hapa lishe na desturi vinakubaliana kwa sehemu kubwa. Mwanamke aliyepoteza damu anahitaji chuma, foliki, protini na maji, na sufuria ya mgagani wenye karanga inampa vyote hivyo kwa kiasi. Lakini upungufu wa damu ulioletwa na malaria au minyoo ya safura hautibiwi na mboga pekee, kwa sababu damu huendelea kuvuja au kuharibiwa kwa kasi kuliko inavyotengenezwa. Mama aliyepauka macho na viganja, anayehema akipanda kilima kidogo, ni wa kupelekwa zahanati siku hiyo, na mboga apikiwe akirudi.

Kuna pia maji ya majani yaliyokamuliwa na kudondoshwa katika sikio linalouma. Iwapo ngoma ya sikio imetoboka, kama inavyotokea kwa watoto wengi wenye sikio linalotoa usaha, maji hayo huingia moja kwa moja katika sehemu za ndani, pamoja na uchafu wa mikono na wa kitambaa kilichokamulia. Hilo halifai.

Baya kuliko yote ni jicho.

Jicho linahitaji vitamini A. Mtoto asiyeipata huanza kwa kutoona vizuri jioni: hujikwaa, hushindwa kuiona sahani yake giza linapoingia, hukaa karibu na moto wakati wenzake wakicheza. Baadaye mboni hukauka na kupoteza mng'ao. Akipatwa na surua wakati huo, ugonjwa ambao hutumia akiba yote ya vitamini A iliyobaki mwilini, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho huweza kupata kidonda na kuyeyuka katika muda wa siku chache. Wengine walioonekana wazima Jumapili walikuwa vipofu kabla ya Jumapili iliyofuata. Mwaka 1987 Allen Foster na Alfred Sommer walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa Tanzania waliokuwa na vidonda vya macho. Surua ilikuwa sababu kubwa, na upungufu wa vitamini A ulikuwa nyuma yake. Lakini ilionekana sababu nyingine ambayo haikutoka kwa kirusi wala kwa njaa: dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Mwaka 1994 David Yorston na Foster walirudi kwenye jambo hilo hilo, na wakaona kuwa karibu robo ya wagonjwa wa vidonda vya macho waliowachunguza nchini walikuwa wametumia dawa za namna hiyo.

Mzazi anayekamua jani katika jicho la mwanawe hafanyi hivyo kwa ujinga wa kutojali. Ameona jicho jekundu, hospitali iko mbali, na jani liko nyuma ya nyumba. Ukali wa jani humfanya mtoto atoe machozi mengi, na machozi huonekana kama uchafu unatoka. Kumbe kemikali inayowasha ngozi ngumu ya mgongo wa mtu mzima imewekwa juu ya sehemu laini kuliko zote za mwili wa mtoto, sehemu ambayo tayari imedhoofishwa na ukosefu wa vitamini A. Mgagani, pamoja na kila jani jingine la jamii ya ukali wa haradali, haupaswi kutiwa jichoni kwa hali yoyote: si maji yake, si mvuke wake, si majivu yake.

Hapo ndipo penye ajabu chungu ya mmea huu. Jani lile lile ambalo likikamuliwa machoni huweza kusaidia kulipofua jicho, likipikwa na kuliwa mapema husaidia kulihifadhi, kwa sababu lina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ni suala la mlango tu: liingie kwa mdomo, si kwa jicho.

Hata hivyo sifa hii nayo inahitaji kiasi. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kuwa mboga za majani peke yake zingetosha kumaliza upungufu wa vitamini A. Mwaka 1995 Saskia de Pee na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi uliofanywa Indonesia kwa akina mama wanaonyonyesha. Waliokula mboga za kijani kila siku hawakupata ongezeko la vitamini A katika damu kama ilivyotarajiwa, na waliopewa karotini iliyoongezwa katika kaki walipata. Karotini ya jani imefungwa ndani ya chembe zenye kuta ngumu, na tumbo haliwezi kuitoa yote. Zamani ilikadiriwa kuwa sehemu 6 za karotini ya chakula hutoa sehemu moja ya vitamini A. Mwaka 2001 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipandisha hesabu hiyo hadi 12.

Matokeo hayo hayauondoi mgagani mezani. Yanaonyesha jinsi ya kuupika. Majani yakatwe madogo, yaive, na yaliwe pamoja na mafuta, kwa kuwa karotini huyeyuka katika mafuta na hupita nayo kwenye utumbo. Karanga zilizotwangwa za jiko la Songea zina karibu nusu ya uzito wake mafuta, kwa hiyo mapishi ya bibi yalikuwa sahihi kuliko yale ya kuchemsha na chumvi tu yaliyohubiriwa wakati fulani kwa jina la kula kisasa. Papai lililoiva, embe na viazi vitamu vya rangi ya chungwa hutoa karotini kwa wepesi zaidi. Na mtoto mdogo apewe matone ya vitamini A yanayotolewa mara mbili kwa mwaka kwa walio kati ya miezi 6 na miaka 5, pamoja na chanjo ya surua. Mboga ni kwa ajili ya siku zilizo katikati.

Mmea wenye siri nyingine

Wafugaji wana habari yao. Mwaka 1992 watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, kilichoko Nairobi, walitangaza kuwa mgagani hufukuza na hata kuua kupe, na kwamba mahali ulipoota kwa wingi kupe hawakuonekana karibu. Kupe mmojawapo aliyehusika ni yule wa masikio ya kahawia, mwenye kueneza ndigana kali. Baadaye, mwaka 2007, ilielezwa kuwa mgagani ukipandwa kati ya mistari ya mawaridi ya biashara hupunguza utitiri mwekundu. Katika habari zote hizo mhusika ni ile harufu iliyokwisha kuelezwa. Lakini asitokee mfugaji akaacha josho kwa kutegemea majani: kupe mmoja aliyekosa harufu hutosha kumwambukiza ndama.

Jambo linalowavuta wanasayansi wa ng'ambo ni jingine kabisa. Mimea mingi inapotengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua hupoteza sehemu ya kazi yake wakati wa joto kali, kwa sababu kimeng'enya kinachonasa hewa ya kaboni hukosea na kunasa oksijeni. Mahindi, mtama na miwa yamepata dawa ya kosa hilo. Yanayo pampu ndani ya jani: chembe za nje hunasa kaboni na kuisukuma hadi chembe za ndani zinazozunguka mishipa, ambako huwa nyingi kiasi kwamba kimeng'enya hakikosei tena. Mmea wenye pampu hiyo hukua upesi, hutumia maji machache, na hufurahia jua. Mgagani unayo. Haukuipata kwa mahindi, kwa maana si ndugu. Njia hiyo imezuka yenyewe zaidi ya mara 60 katika koo mbalimbali za mimea. Kwa kuwa mgagani uko karibu kiukoo na mmea mdogo uitwao Arabidopsis, ambao chembe zake za urithi zimechunguzwa kuliko za mmea mwingine wowote, watafiti wa Cambridge, Uingereza, walipendekeza mwaka 2005 utumike kuisoma pampu hiyo. Lengo la mbali ni kuihamishia katika mpunga. Gugu la shamba la mahindi la Ruvuma sasa hukuzwa katika vyungu vya maabara, na kila jani lake lina kitambulisho.

Siri hiyo inaeleza pia tabia ambayo wakulima wa Songea wameiona. Mgagani hustawi katika jua na joto la Desemba hadi Machi, hudumaa kivulini, na hauna nguvu katika baridi ya Juni na Julai, kwani chini ya nyuzi 15 hivi za joto hukua kwa shida. Maji yanayotuama huuozesha.

Hatari kubwa kwa mgagani leo si baridi. Tangu kampeni ya mahindi ya miaka ya 1970, Ruvuma imekuwa ghala la taifa, na shamba safi lisilo na jani jingine limehesabiwa kuwa alama ya mkulima hodari. Dawa za kuua magugu yenye majani mapana, kama vile 2,4-D, haziulizi kama jani pana ni mboga. Hoja ya mkulima ni ya haki, kwa sababu magugu hula mbolea aliyoinunua kwa bei kubwa, na mgongo wa mwenye kupalilia una mwisho. Ila ifahamike kuwa mgagani uliopona kidogo katika shamba lililonyunyiziwa dawa si wa kuchumwa, hata kama unaonekana wa kijani na mzima. Wala usichumwe kando ya barabara kuu au kwenye jalala la mjini, ambako majani hukusanya moshi na vitu visivyoonekana.

Kwa sababu hiyo kipande kidogo cha ardhi nyuma ya nyumba kina faida kuliko kutegemea bahati ya porini. Samadi iliyooza itiwe, mbegu zipandwe mwanzoni mwa mvua katika mistari, na zifunikwe kwa udongo mwembamba tu. Ni ndogo mno, hazina nguvu ya kupanda kutoka chini. Zisiachwe wazi pia, kwani mwanga wenyewe huzizuia zisiote. Miche ikisongamana ipunguzwe, na iliyong'olewa iwe mboga ya kwanza. Ncha zikichumwa kila wiki, matawi ya pembeni huongezeka na maua huchelewa, hata mmea mmoja ukalisha nyumba kwa miezi miwili au zaidi.

Mimea michache yenye nguvu iachwe ichanue bila kuguswa. Maganda yakatwe yanapokuwa manjano, kabla hayajapasuka, yakaushwe juu ya kitambaa, na mbegu zihifadhiwe mahali pakavu. Wengi wamekata tamaa kwa kuzipanda mara moja, zisiote, wakadhani ni mbovu. Mbegu mpya za mgagani hulala usingizi, na hujibu vizuri zaidi baada ya kukaa miezi mitano au sita. Zilizovunwa Songea mwezi wa Aprili huwa tayari kwa mvua za Novemba.